Kanda la Usufi

Karavani ililetwa Kariobangi
nyuma ya Probox iliyokohoa tangu Outering.
Mama Taprandich akashuka, akafunga mlango taratibu,
akaniambia, "Nzisa, gari langu halina kifua.
Kitu kizito kimo humo ndani. Kitafute."

Nilikitafuta kwa magoti.
Zulia la plastiki liliachia kama gamba la kidonda,
na chini yake plaiwudi, nyeusi, imelewa mvua ya miaka kumi,
inabonyea kama ugali wa jana.
Mchwa walikuwa wameandika humo barua ndefu.
Niliokota shilingi tano, kibanio cha nywele,
na punje tatu za mahindi zilizochipua gizani
bila kumwomba mtu ruhusa.

Tukapima kila kipande kwa mizani ya muuza vyuma chakavu:
kilo tisini na tatu.
"Tisini na tatu," Mama akarudia,
kama mtu aliyetajiwa deni la marehemu.

*

Mbao mpya? Zingelewa tena.
Bati nene? Uzito ungerudi kwa mlango wa nyuma.
Ndipo Odipo wa Wilson akapiga simu:
kuna ndege ya miraa imestaafu, wanaichinja,
njoo kabla ya wenye sufuria.

Wahenga, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mlisema,
mkitusuta. Lakini mimi nilitoka getini
na sakafu nzima ya ndege begani,
paneli sita, nikipiga mluzi,
na askari akanisimamisha mara mbili
akidhani nimebeba picha ya mzigo.

Niliikata ya kwanza kwa msumeno wa meno madogo.
Ukingoni, sega.
Vyumba vya pembe sita, maelfu,
kuta nyembamba kuliko karatasi ya sigara,
alumini juu, alumini chini,
katikati hewa
iliyofundishwa kusimama.

Nikamtumia mamangu picha, Mwingi,
yeye mwenye mizinga kumi na minne kwenye migunga.
Akajibu kwa sauti, anacheka hadi anakohoa:
"Nyuki hao walilipwa na nani?
Na asali wameificha wapi?"

*

Kazi hii ina masharti kama posa.
Chuma cha fremu na alumini hawalali kitanda kimoja;
ukiwalaza, unyevu huwachongea
hadi mmoja amle mwenzake.
Nikaweka mshenga katikati: vipande vya tyubu ya lori.
Kingo zilizo wazi nikazijaza epoksi,
maji yasije yakapanga vyumba bila kodi.
Na skrubu usiipige ovyo.
Itatoboa ngozi, ikose cha kushika,
izunguke kama mlevi anayetafuta kofia.
Chimba kwanza, jaza gundi, nenda ukanywe chai,
urudi kesho.

Musembi, mwanagenzi wangu, aliangusha nyundo.
Kishimo kipo hadi leo, karibu na mlango,
kikubwa kama jicho la mbuzi.
Nilimkata shilingi mia mbili.
Jioni nikamrudishia.

*

Ilipobaki paneli moja, Mama akaomba aishike.
Miaka thelathini na moja wodi ya wazazi, Pumwani;
mikono yake ilikuwa ikijua kabla ya mizani.
Aliipakata,
kiganja kimoja chini ya kichwa kisichokuwepo.
Umeme ulikuwa umekatika, mashine za jirani kimya,
hata Musembi kafunga mdomo.

"Kilo nne na robo."

Kijana akaichukua mbio kwa muuza vyuma,
akarudi anahema:
nne na robo, kasoro gramu hamsini.

"Hajanyonya," Mama akasema,
akanikabidhi,
tukamlaza.